Jinsi ya Kuhesabu Nchi za Kijamaa Ukiwa Umesimama

Usikae. Anayekaa ataletewa kinywaji, na aliyeletewa kinywaji hulipa. Ndiyo maana mabaraza ya siasa ya mitaani katika Kongo yetu yanaitwa bunge la kusimama, na lile la Furu, hapa Butembo, limesimama muda mrefu kiasi cha kutajwa redioni. Wewe huhitaji kufika Furu. Palipo na mwavuli wa muuza uniti, wanaume watatu na pikipiki moja iliyozimwa, akidi imetimia.

Hoja utakayoileta ni hii: nchi zipi hasa zinastahili kuitwa za kijamaa? Nimezijaribu hoja nyingine zote, nakuambia kama ndugu, hakuna inayoizidi. Mpira unaishia kwenye matokeo. Mahari inaishia kwa mtu kukukumbusha mbuzi wa dada yake ambao hujawamaliza. Siasa ya jimbo, tangu Mei 2021 gavana wetu ni mtu wa magwanda, si ya kuipazia sauti kando ya barabara. Lakini Laos haina mpelelezi hapa kwetu Bulengera. Unaweza kuipindua serikali ya Hanoi saa tisa alasiri, na saa moja jioni ukala bugali wako nyumbani bila mtu kukubishia hodi.

Tena hakuna refa. Hakuna aliyefika huko, isipokuwa mmoja, na huyo nitakuambia namna ya kumkwepa.

1. Panga saa

Butembo imekaa juu, zaidi ya mita 1,700, na mvua yake ya mchana haipigi hodi. Angalia milima. Wingu likianza kuwa na rangi ya sufuria, hapo ndipo utoe hoja yako. Utakuwa na dakika kama arobaini, na ukiona unazidiwa, mbingu itaahirisha kikao kwa niaba yako. Nimeokolewa na mvua mara nyingi kuliko nilivyookolewa na ukweli.

Beni, kilometa 54 kutoka hapa, ni chini na kuna joto, mvua si ya kutegemea sana. Huko kilichowahi kuniokoa ni saa ya kutotoka nje usiku. Ulikuwa unaanza hoja ikiwa imebaki nusu saa, unaipandisha, kisha unatazama mkono wako kwa masikitiko ya mtu aliyekuwa karibu kushinda. Nikuonye jambo moja kuhusu Beni, na hapa sitanii: uliza kwanza habari za nyumbani, na usikilize jibu mpaka mwisho. Tangu mwaka 2014 swali hilo katika mji ule si salamu ya kupita nayo. Wakimaliza kukujibu, na kama bado wana hamu ya kusikia habari za Cuba, utajua.

2. Vaa koti lenye mifuko mitatu

Baridi yetu inakuruhusu, hakuna atakayeshangaa. Katika kila mfuko weka kipimo kimoja cha ujamaa, na usiwahi kutoa viwili kwa pamoja.

Mfuko wa kwanza una jina. Nchi ya kijamaa ni ile inayojiita hivyo. Kipimo hiki kinakupa nchi ambazo hakuna aliyezitarajia, na mshangao ni nusu ya ushindi. Sri Lanka inajiita, kwa kirefu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kijamaa. India ililiingiza neno hilo katika utangulizi wa katiba yake mwaka 1976. Tanzania, pamoja na mabenki yake, migodi yake yenye wawekezaji na watu wake wanaouza hisa, ibara ya 3 ya katiba bado inaitaja kuwa nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Ukifika kwenye Tanzania, tua. Waache wacheke. Kisha uliza ni nani kati yao amesoma ibara hiyo. Watanyamaza, maana hata wewe hujaisoma, umeambiwa na mimi.

Mfuko wa pili una chama. Nchi ya kijamaa ni ile inayoongozwa na chama kimoja kilichotoka katika ukoo wa Marx na Lenin, kisichokubali mwingine ashike usukani. Hapa unabaki na Uchina, Vietnam, Laos na Cuba. Nne tu, unaweza kuzihesabu kwa mkono mmoja na kidole gumba kikabaki. Hicho kidole gumba ni Korea Kaskazini. Kiinue au kikunje kulingana na muda uliobaki kabla ya mvua, kwa sababu wale mwaka 1992 waliwatoa Marx na Lenin katika katiba yao, wakabaki na falsafa yao ya Juche. Kuna watu wamekosana kwa ajili ya kidole hicho.

Mfuko wa tatu una mali: ardhi ni ya nani, migodi ni ya nani? Huu usiufungue mapema. Ndani yake kuna Kongo yenyewe. Mwaka 1966 ilitoka sheria inayojulikana kama Sheria Bakajika, leta, yaani serikali, ikajirudishia haki zote za ardhi zilizogawiwa na wakoloni. Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière kule Katanga zikawa za leta. Kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema wazi kwamba udongo ni mali ya leta peke yake, haiuziki, na haipotei hata ipite miaka mingapi. Maana yake kile unachokiita kiwanja chako pale Kimemi, ulichozungushia miti na kukitolea jasho, kwa sheria wewe umepewa ruhusa ya kukaa juu yake tu. Mwambie mpinzani wako hivyo, polepole, huku ukitazama viatu vyake. Mobutu, rafiki mkubwa wa Washington, alikuwa mjamaa wa udongo! Watu watasogea karibu.

Ustadi wenyewe sasa ni kubadili mfuko bila mkono kuonekana. Hivi:

“Tanzania iko ya kisosialisti, katiba yao inasema.”

“Bon, na Sri Lanka?”

“Sri Lanka? Chama kiko wapi pale, mukubwa?”

“Mais, hata Tanzania vyama viko vingi!”

“Mimi naongea ardhi, prezida. Ardhi ya Tanzania ni ya nani?”

Ni ya umma, chini ya Rais, na mwenzako ama analijua hilo ama halijui. Kwa vyovyote vile umemtoa kwenye jina ukampitisha kwenye chama ukamfikisha kwenye udongo, na yeye bado anapapasa mfuko wa kwanza. Angalia pia lile “prezida”. Kila unapompiga mtu, mpandishe cheo. Mwite prezida, mwite profesa, mwite onorabule. Mtu aliyeitwa onorabule hana muda wa kuchunguza kama hoja ilikuwa nzima.

3. Sema “Kongo” bila kusema ipi

Mungu ametupa neema ambayo Wazambia hawana: Kongo ni mbili, na ukichimba zaidi ni tatu. Tamka hivi, kwa sauti ya mtu anayekumbuka: “Kongo iliwahi kuwa Jamhuri ya Watu.” Subiri wakubishie. Wakikubishia, uko Brazzaville, ambako Marien Ngouabi aliitangaza jamhuri hiyo mwishoni mwa mwaka 1969 na chama chake cha kazi kikashika Umarx na Ulenin mpaka 1990. Wakisema Brazzaville wanaijua, uko Stanleyville, yaani Kisangani, ambako Christophe Gbenye aliitangaza Jamhuri ya Watu ya Kongo tarehe 5 Septemba 1964. Ilidumu siku 80. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka kutoka ndege za Marekani, hadithi ikaishia hapo.

Brazzaville inakupa na kitamu cha kumalizia. Denis Sassou Nguesso alikalia kiti mwaka 1979 akiwa Mmarx. Akashindwa uchaguzi mwaka 1992, akarudi mwaka 1997 kwa bunduki, na chama ni kilekile. Uliza: je, nchi ikibadilika na mtu asibadilike, unahesabu nchi au unahesabu mtu? Swali hili halina maana yoyote. Limewahi kunipa dakika ishirini.

4. Jipatie babu

Katika ubishi wowote wa ujamaa huku mashariki, mwenye babu anamshinda mwenye kitabu. Babu yako alimwona Che Guevara. Usiseme alizungumza naye, hapo utakuwa umezidisha. Alimwona kwa mbali, akivuta hewa kwa shida kwa sababu ya pumu. Che alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965, akakaa upande wa Fizi mpaka Novemba, akipewa jina la Kiswahili, Tatu, kwa kuwa kwenye orodha yao alihesabiwa wa tatu. Fizi iko mbali sana na Butembo. Basi babu yako alikuwa dereva. Babu za watu wote walikuwa madereva.

Unaweza pia kumtaja Pierre Mulele, aliyepata mafunzo Uchina akaja kuwasha moto Kwilu, na Laurent-Désiré Kabila, ambaye Che alimngoja sana kwenye mstari wa mbele. Kabila huyo alianzisha chama chake cha mapinduzi ya watu mwaka 1967, akaingia Kinshasa miaka thelathini baadaye, na mwaka 1999 akaanzisha kamati za mamlaka ya wananchi kila mtaa. Je, Kongo ya 1999 ilikuwa ya kijamaa? Hapa usijibu. Kunja uso, sema “Mzee aliuawa mapema”, nyamaza. Kila mtu atajaza mwenyewe.

Lakini kabla ya kumtoa babu yako, tazama nani yupo. Nilimtoa wangu siku moja mbele ya mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu, mwenye fimbo, aliyekuwa amesimama pembeni kana kwamba anasubiri gari. Nilikuwa nimefika mahali pazuri, waasi wa Simba wameingia Beni na Butembo mwaka 1964, ukombozi, mabango. Mzee akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu wa shati.

“Hiyo ni kalamu?”

“Ndiyo, muzee.”

“Na miwani ni yako?”

“Ni yangu.”

“Ungekufa siku ya kwanza.”

Akaondoka. Wale Simba walikuwa wanawasaka makarani, walimu, kila aliyenuka ofisi. Sikuwa na mfuko wa kunitoa hapo, na wingu halikuwepo. Tangu siku hiyo kalamu naiweka kwenye soksi.

5. Jirani zako wapitie mbio

Kenya ilitoa waraka wa serikali mwaka 1965 wenye kichwa cha habari kuhusu ujamaa wa Kiafrika, na aliyeusoma waraka huo kwa makini ataona ubepari umevaa kitenge. Uganda, Obote alitangaza mwaka 1969 hati yake ya mwananchi wa kawaida, akasema nchi inaelekea kushoto. Januari 1971 Amin akaingia bila kutoa ishara ya kukata kona. Museveni alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam alikuwa wa kushoto mpaka kwenye kucha, na leo barabara ya Kasindi hadi Beni inatengenezwa kwa mkono wa Uganda. Mtaje, lakini usimlaumu. Wengine hapo wanasubiri lami hiyo kwa mizigo yao.

Ukitamka neno “ujamaa” mbele ya Mkatoliki mzee aliyewahi kukaa Katanga, jiandae. Atadhani unamzungumzia Padri Placide Tempels na kundi lake la Jamaa la miaka ya 1950, atakueleza habari za upendo wa ndoa mpaka mvua inyeshe. Si mbaya. Muda utakuwa umepita.

6. Mobutu, mtumie kwa uangalifu

Kila bunge la kusimama lina mtu mmoja wa Mobutu. Atakuambia Mzee hakuwa kushoto wala kulia, maana ndivyo Ilani ya N'Sele ya Mei 1967 ilivyofundisha. Mkubalie. Halafu mkumbushe safari zake. Januari 1973 Mobutu alikwenda Beijing kumwona Mao. Mwisho wa mwaka 1974 akarudi tena Uchina, akapita na Pyongyang kwa Kim Il-sung. Aliporudi nyumbani, nyimbo na ngoma za kumsifu kiongozi zilizidi kupangwa kwa mistari, na salongo, ile kazi ya pamoja ya umma, ikawa ya lazima. Kama mtu anacheza kama Mkorea, anavaa koti lisilo na tai kama Mchina na ameshika migodi yote, amebakiza nini?

Atakujibu: amebakiza tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe wananchi. Wakapewa kweli, hasa wale wananchi waliokuwa wanafahamiana na wenye kugawa. Wengi wa hao waliopewa waliuza kilichokuwa kwenye rafu, hawakuagiza kingine, na rafu zikabaki na vumbi. Mwishoni mwa 1974 ikasemwa sasa biashara zishikwe na leta yenyewe. Mwaka 1976 wageni wakaitwa warudi kuchukua vyao. Kwa miaka mitatu duka lilelile lilikuwa la Mgiriki, la shemeji wa kamishna, la leta, kisha la Mgiriki tena, na mteja wakati wote huo alikuwa anatafuta chumvi.

Sasa hapo mtu makini angetaka kujua: ile ilikuwa hatua ya kijamaa, au wizi uliopewa wimbo? Swali hili ni zuri mno kwa bunge la kusimama. Lirushe kwa mwingine haraka.

7. Aliyefika Guangzhou

Huyu ndiye yule mmoja niliyekuambia. Mji wetu ni wa wafanyabiashara. Tulianza na kahawa na papaini, leo kuna watu hapa wasiowahi kuona Kinshasa lakini wanaijua Guangzhou mlango kwa mlango. Wanaagiza kontena la vitenge, vipuri vya pikipiki, betri, sufuria. Linashuka Mombasa, linavuka Kenya na Uganda, linaingia Kasindi. Ukisema mbele yake kwamba Uchina ni nchi ya kijamaa na ibara ya kwanza ya katiba yao inasema hivyo, hatabisha. Atakutazama kama mtu anayemtazama mtoto akihesabu vidole.

“Nimetembea soko lile siku kumi na moja,” mmoja aliniambia, “mtu wa kwanza aliniuliza nataka vipande vingapi. Wa pili vilevile. Wa mwisho alinifuata mpaka hoteli kunipunguzia senti mbili za dola. Huyo mjamaa ulikutana naye wewe wapi?”

Usimjibu kwa Marx. Mjibu kwa mikopo. Muulize benki kubwa za kule ni za nani, na kiwanja cha kiwanda alichonunulia ni cha nani. Ni za serikali, na udongo wa mjini kule ni wa serikali pia. Akitulia, malizia na ule usemi wao wenyewe, kwamba wao wana ujamaa wenye sura ya Kichina. Usemi huu ni wa thamani kubwa, ufunge vizuri kwenye leso. Ukishakubali kwamba ujamaa unaweza kuwa na sura ya mahali, basi unaweza kuwa na sura ya Brazzaville, sura ya N'Sele, hata sura ya bwana yule anayekuuzia sementi kwa bei anayotaka yeye. Kipimo kimekufa, na wewe ndiye uliyebaki umesimama juu ya kaburi lake.

8. Mwenye simu

Atatokea kijana atakayesema “ngoja niangalie”. Muache aangalie. Muulize kwa upole betri yake ina asilimia ngapi, na uniti zinatosha? Wakati anasubiri ukurasa ufunguke, wewe badili swali, ili jibu lake likifika likute watu wamehama. Mimi sikulijua hilo mwaka 2009, nikaapa mbele ya watu wanane kwamba Albania bado ni ya kijamaa. Wakati huo simu za kutafutia mambo zilikuwa chache, ila mmoja alikuwa na shemeji Brussels. Akampigia. Albania ilikuwa imeacha tangu 1991. Kwa muda wa miezi mingi nilipokuwa napita kwenye kituo cha mafuta watu waliniita Tirana.

9. Swali la kukimbia

Litaulizwa na mtu ambaye hakuwa anasikiliza, kwa kawaida motari anayefuta kioo cha pikipiki yake. Hatainua kichwa. “Na sisi hapa, tuko nini?”

Hili usiliguse. Nitakueleza kwa nini, kwa kuwa umenifuata mpaka hapa.

Mimi niliwahi kuligusa. Nilianza vizuri: nikasema ibara ya kwanza ya katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaorodhesha sifa za Kongo, nchi ya sheria, huru, moja isiyogawanyika, na katikati ya orodha kuna neno la Kifaransa, social. Kwa hiyo kwa mfuko wa kwanza tunakaribia. Hapo kila mtu akafungua mdomo. Mmoja akasema barabara ya kwao ilijazwa mawe na watu wa mtaa, kila nyumba na kapu lake, na tajiri mmoja akatoa mafuta ya lori. Mwingine akasema Chuo Kikuu cha Graben hakikuletwa na leta, kilianzishwa mwaka 1989 na Askofu Kataliko na watu wake. Wa tatu, mwalimu, akasema kabla ya shule ya msingi kutangazwa ya bure mwaka 2019, aliyemlisha yeye ni wazazi, mwezi kwa mwezi, na baada ya kutangazwa ya bure ndipo alipojua njaa. Mama aliyekuwa anapima maharage pembeni akasema hajawahi kuingia benki, likirimba yao, kikundi cha kuchangiana cha watu kumi na wawili, ndiyo iliyompa mtaji, na ndiyo itakayomzika. Wa kutoka Beni akakumbusha ile Desemba ya 2018, walipoambiwa hawatapiga kura pamoja na nchi nzima. Tarehe 30 wakajitengenezea vituo vyao, wakapanga mstari, wakapiga kura zao wenyewe wakazihesabu, ingawa walijua hazitahesabiwa popote.

Nikajaribu mzaha. Nikasema Engels aliahidi kwamba ujamaa ukikomaa dola itanyauka yenyewe; basi sisi tumewatangulia wote, yetu imenyauka kabla ya kuchanua. Hakuna aliyecheka isipokuwa mwalimu. Yule mfanyabiashara wa Guangzhou akasema dola iliyonyauka ingeacha kumtoza. Yeye Kasindi ametozwa kwa majina mengi kuliko watoto alio nao, na akaanza kuyataja. Mwingine akasema huu wala si ujamaa wala si nini, ni soko tupu, mwenye nguvu apite. Mama wa maharage akamuuliza kama likirimba ni soko. Wakasahau kabisa kwamba mimi nipo.

Umeona hatari yake? Kuhusu Laos hakuna mwenye ushahidi, tunagawana ujinga sawa kwa sawa, na mwenye sauti anashinda. Kuhusu Butembo kila mtu ana risiti mfukoni. Huwezi kumbadilishia mfuko mtu aliyebeba kapu la mawe.

Kwa hiyo motari akiuliza, toa kicheko kifupi, sema “Artikle kumi na tano, ndugu yangu, jisaidie”, na kabla kicheko cha wengine hakijaisha uwe umeshaondoka. Artikle ile haimo katika katiba yoyote inayotumika, lakini haijawahi kurekebishwa.

10. Namna ya kuondoka

Ondoka kwa pikipiki, ya huyohuyo motari, ili asibaki na swali lake. Usiage wote, gusa bega la mpinzani wako, mwite prezida kwa mara ya mwisho, mwambie mtaendelea kesho na kwamba hoja yake ya pili imekufikirisha. Hakuwa na hoja ya pili, lakini usiku kucha ataitafuta na kesho atakusalimia wa kwanza.

Ukishapanda, geuza kichwa nusu na utupe nchi moja ambayo hakuna aliyeigusa. Mimi napenda Guyana. Jina lake rasmi ni Jamhuri ya Ushirika, iko kule Amerika Kusini, ina mafuta, na hapa kwetu hakuna mwenye babu aliyewahi kuwa dereva huko. Sema tu “Na Guyana?”, kisha mpige motari begani.

Ila lipa nauli kabla ya kupanda, na uwe na pesa kamili. Ukianza kudai chenji ya franka 500, watakufikia na jibu.